Nilivyojifanya Mgonjwa Igowole

Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwalimu wangu wa saikolojia alinichukua wakati wa likizo twende Mufindi. Alitaka kujua kwa nini mtu humsaidia mtu asiyemjua. Kazi yangu ilikuwa kulala kando ya njia na kujifanya nimezidiwa. Yeye angejificha nyuma ya mikaratusi na daftari lake, aandike nani amepita na nani amesimama. Mtu akisimama tu, niinuke, nimshukuru, naye aje na maswali.

Asubuhi hiyo, karibu na Igowole, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai. Nyasi ziliniloanisha mgongo. Watu niliwasikia kabla sijawaona: kikohozi, mnyororo wa baiskeli, nyayo. Walichomoza kwenye ule weupe, wakayeyuka tena. Mwenye baiskeli alipunguza mwendo, akanitazama, akaenda zake. Baada ya muda nikawa sina hakika kama bado ninaigiza. Baridi ilikuwa ya kweli, na upweke pia.

Ndipo akaja mama mmoja na tenga la viazi kichwani. Akalitua.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Kizunguzungu, mama."

Hakuniuliza natoka wapi. Alichuchumaa, akanipa mgongo. "Nishike shingoni."

Hapo ndipo nilipaswa kuinuka. Sikuinuka. Nilimshika shingoni, naye akanibeba, mimi mtu mzima, viazi vyake akaviacha njiani. Mgongo wake ulinukia moshi na maziwa. Miti ilipita taratibu kama inaelea majini, nami nikafumba macho.

Jikoni kwake alinilaza kwenye mkeka karibu na moto, akaninywesha uji wa ulezi. Nikalala usingizi wa kweli. Nilipoamka, mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimejaa matope, akimweleza kila kitu. Mama alimsikiliza huku anachambua maharage.

"Kwa hiyo hukuwa unaumwa," aliniambia.

"Sikuwa naumwa, mama. Nisamehe."

Mwalimu akafungua daftari. "Kwa nini ulimsaidia?"

"Alikuwa amelala kwenye baridi."

"Lakini wengine walipita."

"Labda walikuwa na haraka. Hata mimi nilikuwa na haraka." Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Na wewe, mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya miti."

"Ukimwona?"

"Nikimwona."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Mwalimu akafunga daftari bila kuandika neno.

Tuliporudi njiani pamoja na mama, tulikuta tenga limesogezwa kando na kufunikwa majani, lisikanyagwe na ng'ombe. Hatukujua nani amefanya hivyo. Nililibeba mimi mpaka sokoni, shingo ikiniuma, mama akitembea mbele bila kugeuka. Tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nenda salama, mwanangu." Nilijua amenisamehe, nikalia.

Mwalimu hakunilaza tena njiani. Likizo yote iliyobaki tulikwenda nyumba kwa nyumba mpaka Ipogolo, tukibisha hodi na kusema wazi tumefuata nini. Mara nyingi, kabla hatujauliza swali la kwanza, tulikuwa tumeshawekewa viti.