Risiti Ambayo Nthenya Hakuiomba

Haki ya Mungu, kama kulikuwa na mtu Nairobi aliyeogopa cha wizi, ni Nthenya wa mtaa wa Satellite. Muuza mboga akimzidishia chenji, alirudi kuirudisha. Mwaka 2004 alikuwa na ofisi ya kupiga taipu ghorofani, karibu na Mtaa wa Tom Mboya: barua za kuomba kazi, tasnifu za wanachuo. Kompyuta zake tatu ndizo zilizomlishia watoto tangu awe mjane.

Redio ilipotangaza msako wa programu za wizi, alimwita Wambua, fundi wa kompyuta, kijana wa kwao Mwingi aliyekula kwake kila Jumapili.

"Nataka programu halali, Wambua. Za bandia zitoe zote."

"Anti, wacha wasiwasi. Hiyo niachie mimi."

Akampa pesa, bei kamili ya dukani, na Wambua akaja kuweka programu na kufunga kila mashine kwa neno la siri. Risiti? Thubutu! Kumdai risiti kijana unayempakulia sahani ya muthokoi ni kumwita mwizi mchana kweupe. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, halafu nguo zenyewe hatuzikung'uti.

Wakaguzi wa hakimiliki walikuja Alhamisi asubuhi. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja, Phoebe. Nyuma yake akaingia fundi waliyemkodi awafungulie mashine, amefunga tai. Nani? Wambua! Nthenya, masikini, alifurahi. Alidhani Mungu amemletea shahidi.

"Wambua, waambie basi. Si wewe uliyeniwekea hizi programu?"

Wambua akamtazama usoni bila kupepesa. "Samahani, madam. Hatujuani."

Madam! Nthenya akakaa. Kompyuta alizisahau kwa muda. Kilichomchoma ni yale macho makavu, ya mtoto aliyemwita wake. Alitamani kumzaba kofi, akashindwa hata kuinua mkono.

Fundi akaketi kwenye mashine ya kwanza. Ikadai neno la siri. Akaliandika, ikafunguka. Akaenda ya pili, ikafunguka. Ya tatu pia. Mazoea, bwana, yana taabu!

Phoebe, aliyekuwa akikagua ile ya kwanza, akainua kichwa. "Neno la siri umepewa na nani?"

"Nime... nimebahatisha tu."

"Zote tatu?"

Phoebe akamgeukia Nthenya, na Nthenya akasema yote, mpaka zile pesa.

"Nakuamini, mama," Phoebe akasema. "Huyu tutamalizana naye. Lakini programu ni za wizi, na zimekutwa kwako. Mashine lazima ziende."

Ulikuwa ukweli, na haukumsaidia kitu. Wanafunzi wawili waliokuwa wakingojea tasnifu zao wakaondoka wakinung'unika. Wambua akaamriwa azibebe mashine. Alipofika mlangoni na ile ya mwisho, akasimama, jasho likimtoka.

"Anti," akanong'ona, "nisamehe. Niombee kwa huyu mama, nitafungwa."

"Kumbe," Nthenya akasema, "sasa ndiyo umenijua?"

Akamshikia mlango apite.