Siku Shangazi Alipoacha Kuanguka

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi Hawaye kliniki Garsen kuchukua vidonge vyake vya kifafa. Daktari mpya alimwuliza pia kuhusu usingizi na moyo wake, akasema ana ugonjwa wa huzuni, ambao mara nyingi huandamana na kifafa, nao una matibabu. Tangu hapo silali vizuri. Nairudia akilini alasiri moja ya utotoni, nikitafuta nilichoshindwa kuona.

Tulikuwa kijijini Kau, kando ya mto. Nyumba ilinukia samaki wa kukaanga, kwa sababu bibi alikuwa anashukuru: vidonge vilikuwa vimezuia shangazi kuanguka. Nje wanawake waliitana mitumbwini, wakivuka kwenda mashamba ya mpunga. Shangazi bado alikuwa amekatazwa mtumbwi na moto wa jikoni, asije akaanguka. Alilala ameelekea ukuta.

"Amka ule, mwanangu. Si umepona?" bibi alimwambia.

"Nimeshiba, mama."

Hakuwa ameonja kitu. Nilidhani amenuna tu.

"Shangazi mvivu!" nikamtania. "Na siku hizi hata huanguki!"

"Kuanguka kulikuwa rahisi," alisema bila kugeuka. "Kuamka ndiyo kazi."

Bibi alicheka. Nami nikacheka zaidi, nikiamini shangazi yangu mcheshi wa zamani amerudi.