Kogo Aliposema Panda

Watu wengi husifu harufu ya udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Mimi siisifu sana, kwa sababu najua kuna nyingine inayoifuata. Ni harufu ya udongo wa ndani ambao haujawahi kuona jua, mbichi na baridi, kama ya viazi vilivyofukuliwa sasa hivi. Ukiinusa mahali ambapo hakuna mtu aliyelima, usisimame kuuliza maswali. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, msimu wa mvua ndefu, kwenye mteremko wetu karibu na Sosiot, ambako nililelewa na kogo. Kogo ndilo neno letu sisi Wakipsigis la kumwita bibi. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Nakuru, na nikiri kwamba sikuwalilia sana, maana kogo alinitosha.

Nyumba yetu ilikaa chini ya shamba letu la majani chai, na juu ya shamba hilo palikuwa na mikaratusi ya jirani. Mwaka uliotangulia jirani alikuwa ameikata yote akauza kuni, visiki vikabaki vinaoza. Mvua zilipoanza, kogo aliona ufa kati ya mistari ya chai, mwembamba hivi kwamba mtu angeudhani ni njia ya fuko. Husemwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ule haukuwa ufa wa kuzibwa na mtu. Kogo alichimba mtaro juu yake kugeuza maji, kisha akapigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, akaviunganisha kwa uzi wa mkonge. Ng'ombe akawahamishia upande wa pili wa kilima, kwa shemeji yake. Kazi yangu ikawa kuuangalia uzi ule asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Ukikaza, nimwambie. Ukikatika, nisimtafute yeye wala mtu mwingine, tukimbie.

Nyuma ya mlango alitundika gunia la nailoni tuliloliita mfuko wa Nuhu. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba, kadi za kliniki, kibiriti kwenye mkebe uliofungwa kwa mpira, blanketi, sufuria ndogo, chumvi na unga. Kila Jumapili baada ya kanisa aliumwaga wote kitandani, akanusa unga kama umeingiwa na wadudu, akaupanga upya. Wanawake wa kanisani walimtania wakimwuliza anahamia wapi na lini. Kogo hakukasirika. Aliwaambia kwamba Nuhu pia alichekwa, na waliomcheka hawakupata nafasi ya kuomba msamaha. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Mtoto wa umri ule hutaka bibi yake afanane na bibi za wenzake.

Hatukuwa peke yetu pale nyumbani. Chumba cha pembeni alikaa Mama Atieno, mpangaji wetu aliyetoka upande wa ziwani, akifanya kazi kiwandani kwa zamu, pamoja na binti yake Atieno wa miaka minne. Ilibidi basi kogo achague neno moja la hatari ambalo sote tungelielewa, na likawa la Kiswahili. Neno lilikuwa banda. Maana yake ilikuwa tukimbilie banda la kupimia majani chai, lile la mbao na mabati lililokuwa juu kwenye barabara, mahali tambarare, tukifuata kijia cha kando ya ua na kuuacha ufa mbali. Shida ilikuwa moja tu. Kinywani mwa kogo, dawa ilikuwa tawa, kitabu kilikuwa kitapu, na banda lilikuwa panda.

Kila Jumamosi alipiga jembe kuukuu lililoning'inia kwenye paa, akapaaza sauti, "Panda! Panda!" nasi tukakimbia. Atieno aliupenda mchezo ule kuliko sisi sote. Aliposikia panda alipanda kweli, magoti na mikono, akicheka njia nzima, na huko juu kogo alimpa ndizi. Mimi, niliyekuwa nimesifiwa na mwalimu wa Kiswahili mbele ya darasa, sikuweza kuvumilia. "Kogo, ni banda, si panda," nikamwambia.

"Si ndio nimesema?" akajibu. "Panda."

Nilirudia, nikimwonyesha midomo. Akanitazama kwa upole wa mtu anayemtazama ndama akijifunza kusimama. "Hiyo Kiswahili yako ni mzuri," akasema, "peleka kwa mtihani." Mama Atieno alicheka mpaka akakaa chini. Nilinuna siku nzima.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya tatu ya mvua isiyopumzika. Kogo alilazimika kwenda sokoni Sosiot, maana chumvi ya nyumba ilikuwa imekwisha na ile ya mfuko wa Nuhu haikuruhusiwa kuguswa. Aliniachia nyumba. Mama Atieno alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Adhuhuri uzi ulikuwa umekaza sana lakini mzima. Baada ya chakula mvua ilipungua ikawa manyunyu, nikapanda tena kuangalia, na kabla sijafika ndipo nikakutana na ile harufu. Uzi ulikuwa umekatika. Ufa ulikuwa mpana kiasi cha kumeza mguu wangu, na ndani yake maji yalikuwa yakinong'ona.

Nilishuka kwa kijia cha ua, nikapiga jembe kwa nguvu zangu zote, na nikaita. Naikumbuka sauti yangu. Hata katika hofu ile niliita kwa Kiswahili sanifu, kila herufi mahali pake: "Banda! Kimbieni banda!" Mama Atieno akatoka akifunga leso, akaung'oa mfuko wa Nuhu nyuma ya mlango wetu, akauliza, "Atieno yuko wapi?" Nilikuwa nimeona sweta yake nyekundu ikichomoka mbio nyuma ya jikoni. "Amekimbia," nikasema. "Ametutangulia." Nilisema nilichokiamini, na mpaka leo maneno hayo mawili hunichoma.

Kogo alikuwa ametufundisha kwamba tukifika juu kila mtu ataje jina lake kwa sauti. Tulipofika bandani nikataja langu. Mama Atieno akataja lake. Kisha kukawa kimya. Tukakimbilia ukingoni, tukatazama chini kwenye boma letu, na tukaiona sweta nyekundu. Atieno alikuwa amechuchumaa mlangoni pa kibanda cha kuku alikozoea kucheza na vifaranga, chini kabisa ya jikoni, ametulia kama mtu aliyefika salama. Mama yake alimwita kwa Kijaluo aje, akamwita tena, sauti ikimkatika. Mtoto akatupungia mkono. Akajibu kwa furaha, "Mama, niko banda!"

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Kwa Atieno, banda lilikuwa moja tu duniani, lile la kuku wake. Nilimwambia kwa Kiswahili safi akimbilie huko, naye akatii. Mama Atieno alikuwa ameanza kushuka, akiteleza kwenye tope. Nikafungua kinywa changu nikakiacha kiwe kinywa cha kogo. "Panda!" nikaita. "Atieno! Panda! Panda!"

Akainua kichwa. Mchezo aliujua. Akaingiza kifaranga ndani ya sweta, akashika kijia cha ua, akaanza kupanda kwa magoti na mkono mmoja, akicheka. Sijawahi kuona kitu kikienda polepole kama mtoto yule. Mama yake alikutana naye katikati, akambeba, wakafika. Tulikuwa bado hatujapata pumzi mteremko uliposhuka. Ulitoa sauti kama ya lori linalomwaga kokoto, na ulipotulia hapakuwa na kibanda cha kuku, hapakuwa na jikoni, wala chumba cha Mama Atieno.

Kogo alitukuta bandani. Alikuwa ameona tope akiwa barabarani, akatupa kikapu, akakimbia na gambuti zake za mvua miguuni. Alitugusa vichwa, mmoja mmoja, akarudia, kama anayehesabu mayai. Alipofika kwangu mara ya pili nililia, nikamwambia yote. "Kogo, nilisema banda."

"Ulisema vizuri," akanijibu, akinipangusa pua kwa pindo la leso. "Lakini mtoto anaenda na ile anajua." Kisha akamtafutia Atieno ndizi, akakumbuka kwamba alikuwa ametupa kikapu, akaketi, na hapo ndipo naye alipolia.

Kogo alitutoka miaka mingi iliyopita. Nina shamba langu dogo upande wa Kapsoit, nalo pia liko kwenye mteremko, maana huku kwetu tambarare ni bahati ya wachache. Msimu wa mvua simu huleta ujumbe kwamba wakazi wa miteremko wahamie sehemu salama. Ni Kiswahili kizuri, na ninashukuru, kwa kuwa kogo hakuwa na mtu wa kumwambia mvua inakuja. Lakini ujumbe haujui kwamba nina kibanda cha kuku, wala haujui mtoto wangu hukimbilia wapi akiogopa. Hayo ni yangu kuyajua. Atieno, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, hunipigia simu ngurumo ya kwanza ikisikika na kuniuliza kama mfuko wa Nuhu nimeuangalia. Nimeuangalia. Uko nyuma ya mlango, na unga ni wa wiki hii.

Jumamosi iliyopita nilipiga jembe, nikaita. Binti yangu alifika juu wa kwanza, akihema, akanisubiri na uso wa mwalimu. Yuko darasa la sita, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu nilipokuwa wa umri wake.

"Mama," akaniambia, "hapa ni banda. Si panda."

"Si ndio nimesema?" nikamjibu. "Panda."