Mstari wa Golikipa

Nauza sofa. Kazi hii sikuisomea. Nilianza kwa kubeba sponji kichwani nikiwauzia mafundi wa watu, mpaka siku moja nikajikuta nina karakana yangu, mafundi wangu na kitambi changu. Kipaji nilichopewa ni kimoja: bei. Mteja akisimama mlangoni nikamtazama viatu, najua ataanzia wapi na nitammalizia wapi. Mengine yote nayajua kwa kelele tu.

Na kelele zangu nazipenda. Fundi wangu wa kukata, tuliyempa jina la Rula kwa jinsi mkasi wake unavyonyooka, alikuwa hajamaliza kutandaza kitambaa mezani nami nimeshafika. "Geuza hivi! Bana pale! Hebu nikushikie." Huku nyuma mteja amepiga hodi mpaka amechoka, amevuka barabara kwenda kwa mshindani wangu.

Jumatatu moja Rula akaniambia kwamba mwisho wa mwezi na yeye anavuka barabara.

"Anakuongeza ngapi?" nikamuuliza.

"Hajaniongeza kitu, bosi."

"Basi nakuongeza mimi."

"Sitaki nyongeza."

Nikababaika. Mtu asiyetaka nyongeza utamshika wapi? "Sasa unataka nini?"

"Kukata."

"Si ndiyo kazi yako hiyo!"

"Mkasi nashika mimi, mkono unausukuma wewe."

Bila Rula, ningebaki na mbao na mdomo. Nilipomsimulia mke wangu nikitegemea pole, akaniambia, "Kwani hapa nyumbani ni tofauti? Chungu bado maji, wewe umeshaonja chumvi."

Jumapili karakana yetu ilicheza mpira na wachomeleaji wa mtaa wa pili. Rula ndiye nahodha. Mimi ni golikipa, cheo nilichopewa kwa kuwa jezi nilinunua mimi, na pia kitambi kinaziba lango. Mshambuliaji wetu akapata mpira, nikaona anazubaa. Nikatoka golini kidogo, nimwelekeze. Mara nikajikuta katikati ya uwanja, napunga mikono kama askari wa barabarani. Mchomeleaji mmoja akanyang'anya mpira, akatazama lango tupu, akacheka kwanza, ndipo akapiga. Nilirudi mbio, kama kabati linavyokwenda mbio likishushwa ngazi.

"Mzee, karibu nyumbani!" wakanizomea. "Mgeni wako ameshaingia!"

Wakati wa mapumziko Rula hakunigombeza. Alikuja langoni, akaburuta kisigino mavumbini, akachora mstari.

"Bosi, hili ndilo duka lako. Ukivuka hapa, nakutoa."

"Jezi nimenunua mi..."

"Nakutoa ukiwa umeivaa."

Kipindi cha pili nilifanya kazi ngumu kuliko kubeba sponji: nilisimama. Mpira ukaja, ukanipiga usoni, ukatoka nje. Watu wakanishangilia kana kwamba nilikusudia. Mshambuliaji naye, bila ushauri wangu, akasawazisha.

Kesho yake nikachukua chaki ya Rula, nikachora mstari kwenye sakafu kati ya mlango na meza ya kukatia.

"Nini tena hiki?" Rula akauliza alipoingia.

"Duka langu."

Hakucheka. "Haya. Tutaona."

Siku ile ile kilikuja kitambaa cha gharama, cha maua makubwa. Rula akakilaza kinyume kabisa na ambavyo mimi ningekilaza. Kidole gumba cha mguu kikaning'inia juu ya mstari. Rula, bila kuinua kichwa, akapiga mluzi kama refa. Nikarudi.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja anatafuta viti. Alianzia nusu bei, akaishia bei yangu, na akaondoka akinishukuru. Nilipogeuka, nikaona pande la kitambaa limeharibika kweli, limetupwa chini. Nikameza mate, hata mate yenyewe yalikuwa na gharama. Rula akakata jingine. Sofa ilipokamilika, maua ya kiti yalikutana na maua ya mgongo kana kwamba yameotea pale. Kwa njia yangu yangekutana pia? Sijui. Nilikuwa mlangoni.

Ufagio ukaufuta mstari, nami nikauchora tena. Nikawa hivyo mpaka mwisho wa mwezi, nikisubiri Rula aje kuniaga. Sikumuuliza; mnunuzi mwerevu haonyeshi hamu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta amechuchumaa sakafuni na brashi. Mstari wa chaki haupo. Anapiga rangi ya mafuta, nyeupe, ile isiyofutika. Mtu anayehama hapotezi rangi yake kwenye sakafu ya watu. Nikashusha pumzi, ndipo nikatazama vizuri: mstari umesogea hatua nzima kuelekea mlangoni.

"Rula, hatua nzima umenibana. Rudisha nusu."

"Bei moja, bosi," akasema, akaendelea kupaka.