Viza ya Kwenda Kumkanda Binti Yangu

Nimechoka na makaratasi. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikasahihisha madaftari hadi macho yakafifia, lakini sijawahi kuchoshwa na karatasi kama mwaka ule nilipoomba viza ya kwenda kwa binti yangu.

Nina binti mmoja tu, anaishi Ulaya na mumewe. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu iliposhika, daktari akamwambia alale, asiinue hata ndoo. Akanipigia simu analia: "Mama, safari hii njoo mapema, ukae mpaka nipate nguvu." Nikamwambia nitakuwapo. Kwetu mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo, anampikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ipite. Hilo halina mjadala.

Sasa jaribu kumweleza hivyo mtu wa viza. Kukaa kidogo kuna fomu yake, kukaa miezi sita kuna nyingine, ya maswali marefu zaidi. Fomu iliuliza kwa nini nataka kukaa sana. Nilitamani kuandika kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi naenda na jembe langu mkononi. Walitaka barua ya mwaliko, taarifa ya benki, bima, hati ya nyumba yangu ya Isevya, hapa Tabora, cheti cha kupimwa kifua kikuu. Hii ikikamilika, ile ya kwanza imeshapitwa na muda. Nikipanda basi Tabora, napita Nzega, Igunga, Singida, mpaka Dar es Salaam, bahasha nimeipakata kama mtoto, halafu narudishwa kwa upungufu wa kitu ambacho hakuna aliyekitaja awali. Kaka yangu alileta asali kutoka Ipole nimpelekee mzazi. Binti akasema wataizuia uwanja wa ndege. Nikainywea chai mwenyewe, kwa hasira.

Hatimaye nikaitwa kwenye usaili. Nyuma ya kioo alikaa afisa mzungu, kijana mpole tu, na pembeni yake mwanamama mkalimani, maana niliomba kujieleza kwa Kiswahili. Mkalimani akatazama karatasi zangu, uso ukachanua.

"Kumbe Mnyamwezi! Mimi Mzaramo. Mzigo wako umeutua wapi leo?"

Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kupita katika nchi yao. Mtani akikuchokoza hununi. Unamrudishia, tena kwa kuzidisha, na ukinyamaza umemdharau. Uchovu wote ukanitoka.

"Nimekuachia wewe uubebe," nikamjibu. "Na nyumba yangu chukua, mimi nikifika huko sirudi ng'o! Watanizika hukohuko kwenye theluji, na wewe uje kulia kwa nauli yako!"

Tulicheka mpaka akafuta machozi. Afisa hakucheka. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili ambacho sikujua anacho: "Mama, umesema hutarudi?"

Mkalimani akamweleza utani ni nini, akaeleza tena, mikono ikienda huku na huku. Afisa akawa anaandika. Jibu lilikuja baadaye: hawakuridhika kwamba ningeondoka muda wangu ukiisha. Watu huniambia ningenyamaza. Ningenyamazaje mbele ya mtani?

Binti yangu akajifungua bila mimi. Mumewe alirudi kazini mapema, naye akabaki anajipikia huku ameegemea ukuta. Nilimwelekeza kwa simu: chovya taulo, kamua, bonyeza taratibu. Akasema mkono haufiki mgongoni. Nikaifunika kamera kwa kiganja asinione ninavyolia.

Niliomba tena mtoto alipokuwa ameshaanza kukaa, safari hii wiki chache tu, na viza hiyo nilipewa. Kioo kilikuwa kilekile, afisa yuleyule, mkalimani yuleyule. Mkalimani akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, tukaishia hapo. Hakunichokoza, nami sikumchokoza. Tulikaa kama watu ambao mababu zao hawakuwahi kukutana, na hilo liliniuma kuliko kunyimwa viza.

"Unakwenda kufanya nini?" afisa akauliza.

"Kumwona mjukuu wangu."

"Utarudi?"

"Nitarudi."

Kila jibu mkalimani alilitafsiri kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Afisa akainama kwenye kompyuta yake. Hapo mkalimani akasogea karibu na kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, nani alimkanda?"

"Hakuna."

 Akamgeukia afisa, akamtafsiria na hilo, ingawa hakuwa ameuliza.