Mgeni wa Mama

Mama alikuwa na majina mawili tu ya kupe. Mdogo, bapa, wa kahawia, alimwita mwenyeji. Mkubwa wa kijivu, aliyevimba kama mbegu ya nyonyo, alimwita mgeni. Nilikuwa nanunua mbuzi Nyangamara nawaleta kwetu Miteja, na mbuzi aliyeonekana na mgeni hakuingia zizini. Alifungwa kwenye mkorosho, mama akamtoa kupe mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la majivu, huku akinisuta: "Ulinunua mbuzi, au ulinunua kupe wakakupa mbuzi nyongeza?"

Mama hayupo tena. Zizi analo mama mdogo, na sheria ni ileile.

Akaja binti mmoja, mtafiti wa kupe. Nikamjazia chupa mbili, wageni huku, wenyeji kule, nikazikagua na kuzikagua tena. Akaenda nazo maabara kusoma vinasaba, yaani ile asili ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Aliporudi alimwamkia mama mdogo, akaketi mkekani.

"Hawa wageni wenu ni majike walioshiba damu," alisema. "Na wenyeji wenu wengi ndio waume zao."

Mama mdogo akadakia. "Kumbe dada yangu miaka yote alikuwa anavunja ndoa za watu."

Nilicheka, lakini iliniuma. Katika maneno ya mama, hayo mawili ndiyo yaliyokuwa bado yanatamkwa uani kila asubuhi. Yakifutwa, linabaki kopo.

Nikafanya kazi ninayoijua, kupatana bei. "Hakuna maelewano hapo, binti?"

"Yapo. Kwenye chupa ya wenyeji kuna wengine. Kwa macho ni walewale, ila vinasaba vyao viko mbali kabisa. Ni aina nyingine. Jina bado, mpaka tuwalinganishe na wale wenye majina tayari."

Nikahesabu upya. Mama alisema aina mbili, maabara nayo imesema mbili. Ila si mbili zilezile.

"Basi jina la mgeni limebaki halina mtu," nikasema. "Mpeni huyo."

"La kitaalamu lina taratibu zake. La hapa uani ni lenu."

"Na tutamjuaje, mwanangu, kama sura ni moja?" akauliza mama mdogo.

"Kwa macho hamtamjua."

Mama mdogo akakata shauri. "Basi mbuzi wote wafungwe nje."

Safari iliyofuata nilileta beberu msafi, anayeng'aa. Akafungwa kwenye mkorosho.

"Mkague," mama mdogo akaita kutoka jikoni. "Huenda ana mgeni."

Nikaenda kuchukua kopo.