Njia ya Kuzunguka Kilima

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, panga liliponiteleza nikikata ukindu nyuma ya nyumba yetu Kisarawe. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ya vita vya pili, nami nilikuwa mke wa mwaka mmoja tu, nimetoka kwa wazazi wangu Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha. Pale ukweni sikuwa na sifa nyingine ila kusuka mikeka. Wanawake walikuja kunitazama nikisuka, na mama mkwe alikuwa akiwaambia, kwa sauti ya kunifanya nisikie, kwamba mwanawe ameoa mikono. Basi panga likapita katikati ya kiganja changu cha kushoto.

Dresa wa zahanati, mzee mpole aliyeitwa Salehe, alinishona, akanining'inizia mkono shingoni kwa kipande cha kanga. Akanikataza kubeba, kukamua nguo, wala kushika kitu chochote kwa nguvu. Akasema mshipa unaovuta kidole cha shahada umeguswa, na hawezi kuniahidi kwamba kidole kitakunjika tena.

Nikajifungia ndani siku nyingi, nautazama ukindu wangu ukikauka pembeni. Chakula hakikupita. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa na hakika kwamba nitarudishwa kwetu, maana mikono ndiyo niliyoolewa nayo.

Wifi yangu Zaina hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikwenda mwenyewe kwa dresa, akarudi na jibu: miguu yangu ni mizima, nitoke nitembee kila asubuhi, nipande hata kilima nikitaka, ila nichague njia ambayo mtu anaweza kuipanda bila kutumia mikono.

Nyuma ya kijiji palikuwa na kilima chenye njia mbili. Moja ilikata msituni, mwinuko mtupu, unashika mizizi na kujivuta. Nyingine ilizunguka taratibu katikati ya mihogo na mikorosho, ndefu karibu mara mbili. Zaina akanipitisha hiyo ya kuzunguka. Siku ya kwanza tulifika nusu tu, nikakaa chini nikihema. Baada ya siku chache tulifika juu, na kule mbali tuliiona bahari, mstari mwembamba tu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamaliza ugali wote, nikaomba mwingine.

Ningeendelea hivyo ningepona mapema. Lakini nilikuwa kijana, mwanangu, na niliona aibu. Ile ilikuwa njia ya vikongwe na wajawazito. Wenzangu wa rika moja walipita njia ya msituni, tukikutana juu wananiuliza kwa kucheka kama nimebeba mimba.

Wiki ya nne, nyuzi zimetolewa siku chache tu nyuma, Zaina alikwenda msibani nami nikatoka peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale njia zinapoachana niliwasikia wenzangu wakicheka huko juu msituni, nikawafuata. Katikati ya mwinuko mguu ukateleza. Mwanangu, ukianguka mkono haukuulizi. Ule mbovu ulichomoka shingoni wenyewe, ukadaka mzizi, ukanishikilia mwili mzima. Nilipouachia, damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

Dresa Salehe alinisafisha bila kunikaripia. Alipomaliza kufunga ndipo akauliza, "Binti yangu, nilikukataza nini?"

"Kushika, baba. Lakini niliteleza, sikukusudia."

"Najua hukukusudia kushika. Njia uliichagua kwa kukusudia."



Nilirudi nyumbani nikisubiri maneno ya mama mkwe. Kidonda kilipofunga tena, asubuhi moja nikamkuta mlangoni amejifunga kanga yake, ameshika mkongojo. Akasema magoti yanamsumbua, na njia yangu ya polepole inamfaa. Tukapanda wote, na tulipokuwa tukipumzika kwenye mikorosho akaniambia, akitazama pembeni, "Zaina amekisia unaogopa nini, akaniambia. Mikeka inasukwa na watu wengi. Mimi nakutaka wewe, hata kama kidole hakitakunjika."

Nilihisi mzigo wa miezi miwili unanitoka kifuani. Kuanzia hapo sikujali tena nani ananiona kwenye njia ya vikongwe, maana nilikuwa na kikongwe wangu.

Haikupita muda, tuko juu kileleni, kanga yangu ikalegea kiunoni. Nikaifunga upya bila kufikiri, nikaona kidole cha shahada kimekunjika pamoja na wenzake. Kidogo tu, lakini kimekunjika. Nikamwonyesha mama mkwe. Alikishika, akakikunja na kukikunjua kama anayejaribu bawaba ya mlango, kisha akaketi chini akacheka, nami nikalia kwa raha. Hakikurudi kama zamani, na baridi ikija kinaniuma. Lakini nimesuka nacho mikeka mpaka macho yalipochoka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiumia mkono usijifungie ndani. Toka utembee, mlima utakupa usingizi na hamu ya kula. Ila tazama njia kabla hujaanza: kama kuna mahali utahitaji kushika, hiyo si njia yako mwaka huu. Chagua ya kuzunguka, nenda na mtu, na anayekucheka mwache acheke, kwa kuwa maumivu si yake. Na linalokutia hofu liseme kwa wa nyumbani kwako. Mimi nililificha miezi miwili bure.

Mungu aunge kilichokatika mwilini mwako, akupe mtu wa kutembea naye taratibu, na akurudishe nyumbani kila siku ukiwa na njaa. Amina.